Vitu Nilivyofukia Chini ya Shule Zenu

Mwezi uliopita nilialikwa kwenye shule moja hapa Dodoma mjini, siku ya sherehe ya klabu yao ya mazingira. Niliwekwa kwenye viti vya mbele. Kabla sijatulia, binti mmoja mwenye adabu zake akapiga goti, "Shikamoo mzee," akanikabidhi chupa ndogo ya maji. Nikatazama kushoto na kulia, kila mgeni anayo. Nyuma ya meza kuu limetandazwa bango la plastiki refu kama shuka, limeandikwa kwa kijani: TUTOKOMEZE PLASTIKI. Kidato cha pili wakaghani ngonjera, wakapigiwa makofi, halafu kila mmoja wao akapewa karanga ndani ya kifuko cha nailoni. Tulipoondoka, uwanja ulikuwa kama kuku mia moja wamenyonyolewa pale.

Niliulizwa niseme neno. Nikasema asante kwa maji. Nilichotaka kusema kisingefaa mbele ya wageni, kwa hiyo naandika.

Kwanza, mimi si mzee. Nina miaka arobaini na minane. Ni kazi ndiyo iliyonizeesha. Nimefanya kazi kwenye shule miaka ishirini na miwili bila kufundisha hata kipindi kimoja. Nilikuwa mchimba mashimo: mashimo ya vyoo na mashimo ya taka. Mgongo ulipokataa nikaacha. Nilimaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo hatutayazungumza, baba akataka nikae Zuzu nitafute kibarua relini kama yeye. Sikuweza. Mimi nikikaa mahali pamoja miezi mitatu naanza kuugua. Nikabeba mtaimbo begani, nikawa natembea shule hadi shule. Nikipata kazi Chemba, naenda Chemba. Nikisikia Mtera wanajenga madarasa, nateremka Mtera, maana penye madarasa patatakiwa choo. Mpaka leo nikipita barabarani usiku wa safari, siwezi kulala, naona mapaa ya shule na moyoni nasema: pale nyuma kuna langu.

Kazi yenyewe nilifundishwa na Mzee Ndahani, Mgogo mfupi mwenye mikono kama mizizi. Yeye alikuwa hapimi udongo kwa macho. Alikuwa anadondosha mtaimbo, anasikiliza. Ukilia kama kengele, chini kuna mwamba, hama. Ukilia kama mtu anayekohoa, kuna changarawe, utalazimika kutanua mdomo wa shimo usije ukakuporomokea. Ukilia kama umepiga gunia la mahindi, chimba. Alinifundisha kumwaga udongo mbali na mdomo, hatua nne, kwa sababu udongo uliorundikwa ukingoni unasukuma ukuta. Alinifundisha kutoingia shimoni siku inayofuata mvua. Na kila tukifika shule alikuwa anaanza na swali moja kwa mwalimu mkuu:

"La zamani liko wapi?"

"La zamani lipi, mzee?"

"Shimo la zamani. Mtu hachimbi mahali asipojua nani kamtangulia."

Mwaka wangu wa kwanza tulichimba shimo la taka kwenye shule ya msingi karibu na kwetu. Taka za siku zile zilikuwa majani ya uwanjani, majivu ya jikoni, maganda ya maboga, karatasi. Karanga tulikuwa tunauziwa kwenye karatasi ya daftari iliyosokotwa kama pembe, ubuyu vilevile, na nyama mzazi wako alikuwa anafungiwa gazeti. Mwaka uliofuata tulipopita, shimo lilikuwa limebonyea. Mzee Ndahani akachomeka mbegu za mpapai pale katikati. Mapapai yake niliyala mimi. Shimo la taka lilikuwa tumbo, linakula na kusaga.

Halafu likaja hili jambo lenu. Nasema lenu lakini ni letu, ni sisi tulioanza. Mashimo yakaanza kujaa kabla ya muhula kwisha. Nilikuwa nikirudi shule baada ya mwaka nakuta shimo la futi kumi limejaa mpaka juu, limebaki vilevile, halijabonyea hata inchi. Ukipekua unakuta kifuko cha barafu kimekaa na rangi yake nyekundu kama kimelambwa jana. "Tuchimbie jingine," wananiambia. Nachimba jingine. Mwenye kosa ni nani hapo? Nilikuwa nafurahi! Shule ikijaza haraka, mimi napata kazi haraka. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema wachafuzi ni wengine, nakaa kimya.

Wengine waliamua kuchoma. Shule moja mwalimu wa zamu alinisimamia niwashe shimo lote Ijumaa mchana. Plastiki haiungui kama majani, inayeyuka. Iliteremka ikaganda juu ya taka nyingine kama ugali uliopoa kwenye sufuria. Mvua ilipokuja, maji yakakaa juu ya lile ganda. Wakapata bwawa la mbu nyuma ya madarasa, na moshi wangu ulikuwa umeingia darasa la saba wakati wa mtihani wa majaribio. Nilikohoa wiki mbili. Msichome. Nimeshachoma kwa niaba yenu.

Lakini kichekesho cha Mtera ndicho ninachokisimulia kila mahali. Kule upepo wa bwawani unapeperusha mifuko mpaka inaning'inia kwenye miiba kama maua. Mwalimu wa zamu akatangaza mstarini kwamba kila mwanafunzi asiingie darasani bila taka kumi mkononi. Asubuhi ya pili mimi niko shimoni, kichwa tu kiko juu, naona kijana wa kidato cha kwanza amejibanza nyuma ya choo. Ana mfuko mmoja. Anauchana vipande.

"Wewe, unafanya nini?"

"Shikamoo. Natafuta taka, baba."

"Unatafuta au unatengeneza?"

"Zimeisha uwanjani, wa mbele wamezimaliza. Mwalimu anahesabu."

"Sasa mfuko huo umeutoa wapi?"

"Nimekuja nao kutoka nyumbani."

Mnaelewa? Walikuwa wanabeba taka kutoka nyumbani ili wapate za kuokota shuleni. Wajanja walikuwa wanaficha za jana kwenye kichaka, wanaziokota tena kesho. Nilimwambia mwalimu. Akaniambia, "Kwani wewe kazi yako si kuchimba?" Shimo lile lilijaa vipande vidogo vidogo ambavyo upepo ulivibeba vyote wiki iliyofuata. Shule nzima imeamka mapema, imeinama, imehesabu, imepanga foleni, na taka zimeongezeka. Na hakuna hata mmoja, kuanzia mwalimu mpaka kijana yule, aliyeuliza zinatoka wapi.

Basi. Nimezunguka vya kutosha. Kuna habari moja nimeikwepa tangu nianze, na ndiyo inayonikera kuliko bango na ngonjera.

Nilikuwa na mwenzangu wa kazi, Rajabu, Mrangi wa milima ya Kondoa. Tulichimba pamoja miaka tisa. Mmoja chini, mmoja juu na ndoo na kamba, tunabadilishana kila saa. Mtu anayekuvuta kutoka futi kumi na mbili chini ya ardhi huyo si rafiki tu, sijui tumwiteje. Alikuwa mtu wa maneno. Nikichelewa kuvuta ndoo alikuwa anapiga kelele kutoka chini, "Wewe Mgogo, umelala huko juu au umeoa?"

Tulipata kazi ya choo cha wasichana kwenye shule moja ya sekondari upande wa Chemba. Zilibaki siku chache mwezi wa Ramadhani uishe. Rajabu alikuwa amefunga, anachimba na swaumu kwenye jua lile, na anataka Sikukuu imkute nyumbani kwa mkewe na watoto. Mwalimu mkuu, mgeni pale, mwaka wake wa kwanza, akatuonyesha nyuma ya bweni, hatua chache kutoka kwenye msingi wa tangi la maji. "Hapa," akasema, akachora msalaba kwa kiatu.

Mzee Ndahani alishafariki zamani. Lakini swali lake nilikuwa nalo kinywani. Sikuliuliza, kwa sababu jibu nilikuwa nalo mimi. Shule ile nilishawahi kuichimbia shimo la taka peke yangu, kabla sijakutana na Rajabu, na nililichimba nyuma ya tangi. Bweni halikuwepo. Nilijaribu kukumbuka ni hatua kumi au nane kutoka kwenye tangi. Nikajiambia kumi. Nikadondosha mtaimbo. Ukalia kama gunia la mahindi.

Nyinyi hamjui maana ya udongo laini Dodoma. Kuna mahali tumechimba futi moja kwa siku, mtaimbo unatoa cheche. Udongo ule ulikuwa unaingia kwenye chepe wenyewe. Siku ya kwanza tulikwenda futi tano. Rajabu anaimba chini kule, na swaumu yake.

Siku ya pili ilikuwa zamu yangu chini. Kwenye ukuta ulio mbali na tangi nikaona ncha ya bluu. Nikaivuta. Ikaja, ikaja, mfuko wa rambo mzima, kutoka enzi ile kabla haijapigwa marufuku, hauna hata tundu. Nilijua ni kitu gani. Shimo langu la zamani lilikuwa pale pale, unene wa kiganja ndani ya ukuta, na plastiki haishikani na kitu. Haishiki udongo, haijishiki yenyewe, maji yakipita yanapita katikati kama kwenye nyasi za paa bovu. Nilitakiwa nipande juu niseme, "Rajabu, tufukie, tuhame." Kuhama kulikuwa na maana ya kuanza upya kwenye changarawe, na Sikukuu ingemkuta shimoni.

Nikaukunja ule mfuko, nikautia mfukoni mwa suruali. Nikapanda. Rajabu akashuka.

Ukuta haukuporomoka kama mnavyoona ukuta unaporomoka. Ulipasuka kama gunia lililojaa kupita kiasi. Taka zikatoka upande, na udongo wa juu yake ukakosa cha kukalia, ukafuata. Nilisikia sauti ya Rajabu mara moja, haikuwa neno. Nilipochungulia niliona kichwa na mkono mmoja. Kila nikifukua, takataka zinashuka tena, zinateleza, chepe halipati cha kukamata. Wasichana wa bweni walikuja na sahani za chakula, na madumu yaliyokatwa, wakawa wanakomba. Hao ndio waliomtoa. Wanafunzi wa kidato cha tatu, na sahani za ugali.

Mguu ulikuwa umevunjika mahali pawili. Alikaa hospitali mjini kwa muda mrefu, na mpaka leo anatembea na fimbo, anashona viatu sokoni Kondoa. Sikukuu ile ilimkuta wodini.

Vile vitu vilivyotoka shimoni vilibaki vimetapakaa nyuma ya bweni siku nzima. Mifuko ya maandazi. Vifuko vya barafu kwa mamia. Chupa za soda. Vifuko vya pombe kali, ambavyo mwalimu mmoja wa siku nyingi aliviona, akavifunika haraka kwa mguu. Mwalimu mkuu alisimama ameshika kichwa, anauliza, "Nani alijua kama hapa kuna shimo? Nani alijua?" Kila mtu akatikisa kichwa. Na mimi nikatikisa changu.

Wiki tatu baadaye choo kilichimbwa mahali pengine. Zile taka zikafukiwa tena. Na mchimbaji alikuwa mimi, mnisamehe.

Nilikaa na jambo hili miaka minne. Nilikuwa nakwenda Kondoa, nampelekea sukari, tunacheka, naondoka. Safari moja, nilipokuwa nimeshaacha kazi, nikamwambia. Tulikuwa kwenye kibanda chake, anatia uzi kwenye soli ya kandambili ya mtu. Nikamwambia habari ya shimo la zamani na habari ya mfuko wa bluu. Alishona mpaka akamaliza upande mmoja.

"Na mimi niliiona mifuko," akasema. "Miwili, siku ya kwanza. Niliitia ndani ya ndoo, chini kabisa, nikaifunika udongo, ukaivuta mwenyewe."

Nikashusha pumzi. Nikadhani tumemaliza.

"Usishushe pumzi," akasema. "Mimi niliona mifuko miwili tu. Nilidhani imepotea pale kama mifuko inavyopotea kila mahali. Wewe ulijua ni shimo zima, ulilichimba kwa mikono yako. Hatulingani." Akachukua kiatu kingine. "Mangapi mengine unayajua?"

"Mengi."

"Wenye shule wanayajua?"

"Walimu wanahamishwa, Rajabu. Hakuna anayeyajua."

"Basi unakaa hapa kwangu unafanya nini?"

Hakuniaga. Miaka yote nikiondoka alikuwa ananisindikiza mpaka stendi, na fimbo yake. Siku ile alibaki ameinamia kiatu. Na simu zangu akawa hapokei.

Ndiyo maana mkiniona kwenye shule zenu na ndoo ya chokaa, msicheke. Nazunguka. Nakumbuka mashimo yangu mengi, nayapangia mawe, nayapaka chokaa, ili mtu asije akachimba pale wala asijenge. Nilianza na shule ile ya Chemba. Mwalimu mkuu alikuwa mwingine tena. Akanisikiliza vizuri, akanishukuru, halafu, sikilizeni jamani, akasema:

"Na ukimaliza, mzee, tunaomba utuchimbie jingine la taka. Lililopo limejaa."

"Sichimbi."

"Tutakuletea vijana wa kukusaidia. Wewe elekeza tu."

"Mwalimu, mgongo haunizuii. Sichimbi la taka kwenye shule tena."

"Sasa taka za leo tuziweke wapi?"

Karibu yetu alikuwa amesimama msichana wa kidato cha pili, anaitwa Neema, ameshika ndoo ya taka za asubuhi, anasubiri kuonyeshwa. Nikamwambia amwage pale chini. Akamtazama mwalimu, mwalimu akainua mabega, akamwaga. Karibu zote zilikuwa vifuko vya barafu na vya karanga.

"Hizi zinatoka wapi?"

"Uwanjani."

"Uwanja unaota vifuko?"

Akacheka. "Kwa Mama Sauda. Getini."

Tukaenda getini, msafara mzima. Mama Sauda ana meza yake na dumu la barafu, ni mama wa Kirangi, mwepesi wa maneno kama Rajabu alivyokuwa. Aliponisikiliza alisimama.

"Baba, mimi nimekukosea nini? Nasomesha watoto wawili kwa barafu hii."

"Sijasema usiuze. Mtoto akija na kikombe, utampimia?"

"Kwa nini nisimpimie? Hata vifuko ningeacha kununua. Lakini nani atakuja na kikombe? Waangalie hao. Wanaona aibu. Watasema sisi siyo chekechea."

Wakacheka wote, kwa sababu ni kweli. Na vikombe wanavyo, vya uji, viko bwenini, kila mmoja na chake kimeandikwa jina. Hatua mia moja kutoka getini. Miaka yote ile wanafunzwa madhara ya plastiki, wanaandika insha, wanaimba, na kikombe kiko kwenye ndoo chini ya kitanda! Nikawaambia habari ya Rajabu pale pale, yote, pamoja na mfuko niliouficha mfukoni. Nikawaonyesha kwa kidole bweni lenyewe, na mahali alipokuwa amefukiwa mpaka shingoni. Mwalimu mkuu alikuwa hajawahi kuisikia. Hakuna aliyekuwa ameisikia, na ilikuwa miaka mitano tu.

Neema akaondoka. Nikadhani amechoka na makelele yangu. Akarudi na kikombe cha bati, akakiweka mezani. Mama Sauda akaponda barafu, akammiminia. Wenzake wakaanza, "Chekechea! Chekechea!" Akanywa amewatazama, taratibu, mpaka chini. Halafu akakisuuza bombani, akasimama tu pale anakikung'uta maji.

Wakaenda wengine kufuata vyao. Walikuwa saba. Shule ina wanafunzi karibu mia sita, wakaja saba. Mwalimu mkuu akasema ni mwanzo mzuri. Mimi nilikuwa nimekasirika. Nikapaka mawe yangu chokaa nikiwa nimekasirika, nikapanda gari nikiwa nimekasirika.

Jioni simu yangu ikaita, ni Rajabu. Mama Sauda, kumbe, ni mtu wa kijiji kimoja na mke wa Rajabu, na habari zilishafika Kondoa kabla mimi sijafika Dodoma.

"Nasikia umewaambia," akasema Rajabu. Hakuna salamu.

"Nimewaambia."

"Na ule mfuko?"

"Na ule mfuko."

"Wangapi wamekuja na vikombe?"

"Saba."

Nikasikia nyundo yake inagonga, mara mbili, mara tatu.

"Wamekuomba shimo?"

"Wameniomba."

"Umechimba?"

"Sijachimba."

Nyundo ikanyamaza.

"Kesho kutwa ni siku ya soko," akasema. "Njoo. Na usile njiani, mke wangu anapika."